Maisha ya Okot p'Bitek, Aliyesoma Mbarara

 Mwaka huu nimepewa nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nami nimeona vema niandike habari za mtu mmoja ambaye jina lake twalisikia darasani mara nyingi, lakini wengi wetu hatujui kwamba alipata kuwa mwanafunzi katika mji huu huu wa Mbarara. Mtu huyo ni Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliyefariki katika mwaka wa 1982, kabla sisi tulio darasani leo hatujazaliwa.

Kabla sijaanza habari zake, yanipasa nieleze kwa nini nimemchagua yeye na si mwingine.

Mimi natoka Nakivale, katika makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka wa 1958 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Rwanda. Sasa wamo humo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kila likizo hupanda gari hapa Mbarara, nikapita Isingiro, nikafika nyumbani jioni nikiwa mwekundu kwa vumbi. Nyumbani yupo kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye sisi watu wa Fizi twamwita Yaya kwa heshima. Yaya amesoma mpaka chuo kikuu, akachukua shahada ya fasihi, naye sasa anafundisha watoto wadogo pale makazini.

Miaka miwili iliyopita Yaya alipata barua kutoka ng'ambo. Alikuwa ameomba kwenda katika semina ya wiki nne, wakati wa likizo ya kiangazi ya wenzetu, ambako wasomi wa nchi nyingi hukutana kusoma fasihi ya dunia. Barua ilisema amekubaliwa, tena amepewa skolashipu: hatalipa ada wala malazi. Kilichobaki kilikuwa nauli. Watu wa kanisani kwetu walichanga, na mzee mmoja akaandika majina yote katika daftari, huyu kiasi fulani, yule kuku mmoja aliyeuzwa. Lakini karatasi za safari zilikwama katika ofisi moja, na zilipotoka semina ilikuwa imekwisha wiki tatu zilizopita. Yaya akaichukua ile daftari, akapita nyumba kwa nyumba akirudisha fedha za watu, hata ya yule mwenye kuku. Kisha akaitia ile barua katika sanduku lake, akafunga kwa kufuli.

Mwaka huu rafiki yake mmoja amemletea fomu nyingine ya namna ile ile. Yaya amekataa kuijaza. Baba naye amesema hana haja ya kuona mtu akivuka bahari kwenda kusoma hadithi za watu wengine, wakati hadithi zetu wenyewe zinakufa hapa kando ya ziwa. Mimi sikuwa na la kujibu. Niliporudi shuleni nikamweleza mwalimu wetu wa fasihi, naye akaniambia nikasome maisha ya Okot p'Bitek kwanza, ndipo nirudi kuzungumza naye. Haya ndiyo niliyoyapata.

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, katika mwaka wa 1931. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji mwenye sifa, mtunzi wa nyimbo na mchezaji hodari wa ngoma. Basi mtoto huyu alikuwa na shule mbili nyumbani, moja ya kitabu na moja ya wimbo. Wengi waliozaliwa namna hiyo siku zile waliishika shule ya kwanza na kuiacha ya pili, maana ndiyo iliyoleta mshahara. Okot alizishika zote mbili.

Alisoma Gulu, kisha akapelekwa King's College, Budo, shule yenye jina kubwa karibu na Kampala. Huko Budo, angali kijana wa shule kama sisi, alitunga mchezo wa kuigiza wa kuimbwa, nao ukachezwa. Alipotoka Budo alikuja huku kwetu Mbarara, katika chuo cha serikali cha kufundishia walimu, mnamo miaka ya kwanza ya 1950. Ninapotumwa mjini kununua chaki au sabuni, sasa huangalia njia za mji huu kwa macho mengine. Alikuwa kijana wa kaskazini, mbali na watu wake, katika nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu na lugha asiyozaliwa nayo. Mgeni kama mimi.

Katika mwaka wa 1953, akiwa na miaka ishirini na miwili hivi, kitabu chake cha kwanza kilichapishwa. Hakukiandika kwa Kiingereza bali kwa Kiacholi, na jina lake ni Lak Tar. Ni hadithi ya kijana maskini, Okeca Ladwong, aliyefiwa na baba yake na kukosa mali ya kuolea. Anaondoka kwao kwenda kutafuta kazi kusini, anataabika sana, na hata alipopata akiba kidogo anaibiwa njiani akirudi. Anafika nyumbani mikono mitupu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Yaya akipita nyumba kwa nyumba na daftari, nikaacha kusoma kwa muda.

Baada ya Mbarara, Okot alirudi kwao akafundisha katika shule ya Sir Samuel Baker, karibu na Gulu. Alifundisha Kiingereza na dini, akaongoza kwaya. Tena alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu, na si mchezaji wa kubahatisha, maana alichaguliwa kuchezea Uganda. Katika mwaka wa 1956 timu ya Uganda ilisafiri kwenda Uingereza, na wachezaji wake wengi walicheza miguu mitupu mbele ya Waingereza waliovaa viatu. Hivyo ndivyo Okot alivyovuka bahari mara ya kwanza. Mlango wake haukuwa barua ya chuo kikuu, ulikuwa mpira.

Safari ya timu ilipokwisha, Okot alibaki Uingereza ili asome. Kwanza alisoma ualimu katika Chuo Kikuu cha Bristol. Kisha akaenda Aberystwyth, katika nchi ya Wales, akasoma sheria akapata shahada. Watu wengi wangesema huo ndio mwisho mwema: mwanasheria amepatikana, na arudi ale matunda. Lakini moyo wake ulikuwa umeshikwa na jambo jingine. Kadiri alivyosoma desturi na sheria za watu, ndivyo alivyoona kwamba habari za watu wake mwenyewe hazijaandikwa sawasawa, na walioziandika walikuwa wageni. Kwa hiyo mwaka wa 1960 aliingia Oxford kusoma elimu ya jamii na desturi za wanadamu.

Huko Oxford lilimpata jambo ambalo yeye mwenyewe alilieleza baadaye katika kitabu. Katika somo lake la kwanza kabisa alimsikia mwalimu akiwaita Waafrika washenzi na watu wasiostaarabika. Okot alilalamika, wala malalamiko yake hayakufaa kitu. Sasa fikirini, vijana wenzangu. Mtu amepata nafasi ambayo maelfu wangeitamani, na siku ya kwanza anatukanwa yeye na mama yake na bibi yake, tena kwa sauti ya utulivu, kama mtu anayesoma orodha ya miji. Angeweza kunyamaza ili ampendeze mwalimu. Angeweza pia kufunga mizigo kwa hasira arudi Gulu. Okot hakufanya la kwanza wala la pili. Alibaki, akasoma vitabu vyote walivyomwekea mbele, kisha akaandika kazi yake kuu ya chuo juu ya fasihi ya mdomo ya Waacholi na Walango, yaani nyimbo na masimulizi ya watu wale wale walioitwa washenzi. Nyimbo za namna ya zile za mama yake ziliingia Oxford na kukaa katika rafu pamoja na vitabu vya wenye vitabu.

Aliporudi Uganda baada ya uhuru wa mwaka 1962, alifanya kazi ya Chuo cha Makerere ya kufundisha watu wazima huko Gulu. Aliwakusanya wachezaji wa ngoma na waimbaji wa vijijini, akafanya tamasha, akaonyesha kwamba mkulima asiyejua kusoma aweza kuwa msanii mkubwa kuliko mwenye shahada.

Ndipo katika mwaka wa 1966 kikatoka kitabu kilicholifanya jina lake lijulikane duniani kote, Song of Lawino, kilichochapishwa Nairobi. Alikuwa amekitunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akakigeuza mwenyewe kwa Kiingereza. Kiacholi chake kilichapishwa mwaka wa 1969. Wasomaji wa Kiswahili nao hawakunyimwa, maana Paul Sozigwa alikifasiri. Ni malalamiko ya mwanamke wa kijijini, Lawino, ambaye mume wake Ocol amesoma sana akarudi akimdharau. Ocol anachukia chakula cha kwao, ngoma za kwao, dawa na majina ya kwao, naye amempenda mwanamke mwingine mwenye kufuata mitindo ya Kizungu. Lawino hajui kusoma saa ya ukutani, lakini anajua mtu aliyepotea akimwona.

Wengine wamesema kitabu hicho kinapinga elimu. Mimi, kwa akili yangu ya kidato cha sita, siamini hivyo. Mtu aliyekiandika alikuwa amesoma Budo, Mbarara, Bristol, Aberystwyth na Oxford. Kama elimu ya ng'ambo ingekuwa lazima imgeuze kila mtu kuwa Ocol, basi Lawino asingepata wa kumwandikia. Naona kwamba Okot alijiuliza swali gumu juu ya nafsi yake mwenyewe, akampa mke wa kijijini nafasi ya kulijibu.

Baadaye aliandika Song of Ocol, mwaka wa 1970, ili mume naye aseme yake. Vitabu vyake viwili vingine vya mashairi, vilivyotolewa pamoja, vilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta katika mwaka wa 1972. Tena aliandika juu ya dini za Kiafrika na juu ya wasomi wa Ulaya walivyozieleza. Katika mambo ya dini alikuwa mkali, na imani ya Kikristo aliyofundishwa utotoni aliiacha. Sisi tuliolelewa na misheni hatuwezi kukubaliana naye katika kila neno. Hata hivyo mwalimu wetu alinifundisha kwamba mtu husomwa mzima, si kukatwa vipande tukala tunavyovipenda.

Sasa nafika katika sehemu ya maisha yake ambayo ilinigusa kuliko zote. Mwaka ule wa 1966 Okot aliwekwa kuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa, Kampala. Hakukaa sana. Aliondolewa kazini, akahamia Kenya. Alifanya kazi Kisumu, ambako mwaka wa 1968 alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda mwaka wa 1971, njia ya kurudi ikafungwa kabisa. Kwa hiyo mwandishi huyu mkubwa aliishi miaka mingi nje ya nchi yake. Hakulala chini ya turubai kama sisi tulivyolala siku za kwanza, lakini alijua maana ya kuitazama nchi yako kwa mbali usiweze kuingia.

Katika miaka hiyo, mwaka wa 1969, alialikwa Iowa, Marekani. Huko, katika mwaka wa 1967, Paul Engle na Hualing Nieh Engle walikuwa wameanzisha mpango wa kuwakutanisha waandishi wa dunia katika chuo kikuu, wakae pamoja miezi kadhaa, wasome, waandike na kubishana. Haukuwa sawa kabisa na semina ile ya Yaya, lakini ni ndugu yake. Na mambo kama hayo yameongezeka tangu wakati huo. Katika mwaka wa 2011, kwa mfano, ilianzishwa taasisi ya fasihi ya dunia iliyoongozwa na David Damrosch wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kikao chake cha kwanza cha kiangazi kilifanyika Beijing, na mwaka uliofuata Istanbul. Nayataja haya ili mwanafunzi wa leo ajue kwamba milango ipo.

Jambo la kuangalia ni hili. Okot alikwenda Iowa akiwa na kitu mkononi. Hakwenda kama mtu mwenye njaa anayengoja kupakuliwa. Alikuwa na Lawino tayari, na Lawino alikuwa amezaliwa kwa Kiacholi. Na aliporudi Afrika ya Mashariki hakuacha kukusanya. Mwaka wa 1974 alitoa kitabu cha nyimbo za Waacholi pamoja na tafsiri zake, na mwaka wa 1978 kitabu cha ngano. Huyo ndiye mtu aliyekuwa ameshaona vyuo vikubwa vya Uingereza na Marekani, naye aliketi kuandika hadithi za sungura.

Baada ya kufundisha Nairobi alikwenda pia Nigeria, katika Chuo Kikuu cha Ife. Amin alipoanguka mwaka wa 1979, Okot akapata njia ya kurudi nyumbani. Makerere ilimpokea, na mwaka wa 1982 akawa profesa wake wa kwanza wa uandishi wa kubuni. Lakini hakupewa siku nyingi za kuifanya kazi hiyo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alifariki Kampala, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Likizo iliyopita niliyabeba nyumbani katika daftari, nikamsomea Yaya jioni, tukiwa tumekaa nje. Baba alikuwa karibu akitengeneza mpini wa jembe, akijifanya hasikii. Nilipofika kwenye ile habari ya Oxford, Baba aliacha mpini akauliza kama kweli huyo kijana aliandika nyimbo za mama yake katika chuo cha Wazungu. Nikamjibu kwamba ndivyo, nyimbo za watu wake. Baba hakusema neno tena.

Yaya alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba katika fomu yake ya kwanza aliulizwa atakuja kuzungumza juu ya maandiko gani, naye akaandika juu ya riwaya moja ya Kifaransa, kwa kuwa aliona aibu kutaja kitu cha kwetu. Alisema hakuwa na uhakika kama karatasi zilizochelewa ndizo zilizomuumiza zaidi, au ile aibu.

Bibi yetu huimba Kibembe anapopepeta mahindi. Nyimbo hizo alitoka nazo Fizi siku alipokimbia, wakati hata sufuria aliiacha. Kesho yake asubuhi nilimkuta Yaya ameketi karibu na ungo wake, kalamu mkononi, akimwomba arudie. Bibi alimcheka, akamwuliza kama huko chuo kikuu hawakumfundisha kusikia mara moja. Lakini alirudia. Nilipoondoka kurudi shuleni walikuwa wameandika nyimbo kumi na nne.

Fomu ameijaza. Safari hii ameomba karatasi za safari miezi saba kabla, si miwili, na kila Jumatatu huenda kuuliza zimefika wapi. Daftari ya michango haijafunguliwa, maana amesema hatagusa fedha ya mtu mpaka karatasi ziwe mkononi. Jibu halijaja, nami siwezi kuwaambia litakuwaje. Huenda likawa la kukataa. Lakini nyimbo kumi na nne zimekwisha andikwa, na hizo haziwezi kukwama katika ofisi yoyote.

Basi, ndugu zangu mnaomaliza masomo mwaka huu, ombeni nafasi za masomo bila hofu, za karibu na za mbali. Nanyi wazee wetu mliotutangulia, mlio na kazi na mnaojua njia za maofisi, wasaidieni vijana waanze mapema, maana wengi huanguka kwa kuchelewa tu. Na kila mmoja wetu, kabla hajauliza atapata nini huko aendako, na amwulize bibi yake ana nini cha kumpa abebe.